Usichapishe bango la mhadhara kabla hujasoma hapa

Usilipeleke hilo bango kwa mpiga chapa! Umeandika "Usiku wa Ijumaa, saa 8:00, Ngome ya Lamu", kisha unauliza projekta ya aina gani, kiingilio kiasi gani na uanze na mada ipi. Hayo hayana faida watu wakija siku mbili tofauti.

Kwa Mwamu, yaani mwenyeji wa Lamu, siku huanza jua likichwa. Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi baada ya Magharibi, usiku wa nyiradi, yaani dua na dhikri. Mzungumzaji wako wa Nairobi atasoma maneno yayo hayo na kukata tiketi ya ndege ya Ijumaa jioni. Basi wenyeji watakuta mlango umekomewa, na aliyerudishwa mlangoni hawi mwepesi kuja tena. Mimi nimelipia kosa hili hili: viti, jenereta na fundi wa sauti, siku mbili kwa mhadhara mmoja. Aliyeniponza ni mratibu wa warsha aliyeshikilia kuwa bango fupi ndilo linalosomwa. Linasomwa, ndiyo, lakini kila mtu kivyake! Hakuuliza hata mzee mmoja wa barazani, na hilo hadi leo linaniudhi.

Na hiyo 8:00 umeitoa kwenye simu. Kwa Kiswahili saa nane ni baada ya adhuhuri, au usiku wa manane.

Andika hivi: "Ijumaa kuamkia Jumamosi, baada ya swala ya Isha, saa 2:15 usiku", na tarehe ya hiyo Ijumaa kando. Anayekosea siku atasahihishwa na tarehe, anayekosea saa atasahihishwa na swala.

Usithubutu kuuanza mhadhara kabla ya Isha. Huku karibu na ikweta Magharibi haihami sana: mwaka mzima huingia kati ya saa 12 na dakika chache na saa 12 na dakika 40, na Isha hufuata baada ya saa moja na dakika kumi hivi. Ondoa swala yenyewe, ondoa mwendo wa vichochoroni kutoka msikitini, unabaki na nusu saa. Mhadhara wa dakika 45 na maswali ya dakika 20 utakatwa na adhana. Ukirudi nyuma hadi saa 11, uwanja wa ndani wa Ngome bado una mwanga, na projekta ya lumeni 3,000 itakuonyesha ukuta mweupe tu. Ramadhani, ngoja tarawehe iishe.

Wa kijiji cha Shela wafikirie pia. Wakati wa bamvua, yaani maji makuu, bahari hujaa mnamo saa kumi jioni na kupwa kwenye saa nne usiku, kwa hiyo hurudi kwa miguu ufuoni. Wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, ni kinyume: saa nne usiku maji yamejaa, basi patana na nahodha mapema.

Mada: kwa sayansi, setilaiti iitwayo Uhuru, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei (X-ray) za angani. Ni habari ya pwani yetu wenyewe.

Lakini kwanza bango. Liandike kwa mkono, mwonyeshe mzee mmoja wa mtaa wa Mkomani na kijana mmoja aliyehamia kutoka bara, uwaulize kila mmoja peke yake: "Utakuja lini?" Wakitaja siku moja na saa moja, chapisha.