Mlango wa jengo ni wa wote, na wa mama pia

Pole sana dada. Umeuliza kama mwenye nyumba wako huko Marekani anaweza kumkatalia mama kufungiwa kitufe cha umeme cha kufungulia mlango mkubwa wa jengo, eti kwa sababu ni mlango wa wapangaji wote. Hawezi kukataa hivi hivi. Sheria ya makazi ilivyorekebishwa mwaka 1988 inamlinda mpangaji mwenye ulemavu ndani kwake na kwenye sehemu za pamoja: mlango wa kuingilia, korido, chumba cha kufulia.

Shida ni gharama. Kwenye nyumba ya mtu binafsi kwa kawaida mpangaji ndiye hulipa. Jengo likipata fedha za serikali kuu, mwenye jengo hulipa, isipokuwa mzigo ukimzidi mno. Jimbo la Massachusetts nalo humtwika gharama mwenye jengo la nyumba 10 au zaidi. Ulizia hilo kabla hujatoa senti.

Kabla ya kufunga mota ya hicho kitufe, fundi wa jengo aangalie ule mkono wa chuma juu ya mlango, unaoufanya ujifunge wenyewe. Una skrubu ndogo za kurekebisha nguvu, na zikikazwa kupita kiasi mama atausukuma mlango kwa magoti na usifunguke. Hiyo ni kazi ya bisibisi tu!

Ombi liandike, weka tarehe, baki na nakala. Daktari athibitishe uhitaji. Jina la ugonjwa si lazima. Mwenye nyumba akigoma, peleka malalamiko HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, ndani ya mwaka mmoja, ni bure. Na akikutishia kukufukuza kwa sababu umelalamika, hilo nalo ni kosa, liongeze kwenye malalamiko yako.