Maswali na Majibu: Gari la Mseto Lisilofikia Kilomita Ulizoahidiwa

Tangu magari ya mseto, yaani yenye injini ya petroli na mota ya umeme, ambayo mitaani tunayaita haibridi, yaanze kuteremshwa kwa wingi katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, barua zinazohusu ulaji wake wa mafuta zimekuwa zikinifikia kila wiki. Leo nimechagua nane. Majibu yote yanahusu magari yasiyochomekwa kwenye umeme, kama vile Toyota Aqua, Prius na Honda Fit ya mseto. Mwenye gari la kuchaji nyumbani asubiri zamu yake.

Nimenunua Toyota Aqua ya mwaka 2013. Tangazo lilisema linakwenda zaidi ya kilomita 35 kwa lita, lakini dashibodi inaniambia 19. Je, nimeuziwa gari bovu? (Msomaji, Mbagala)

Ushahidi huo peke yake hautoshi kulihukumu gari. Aqua lilipozinduliwa Japani Desemba 2011, lilitangazwa kwa kilomita 35.4 kwa lita, namba iliyopatikana kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho JC08. Kipimo hicho kilifanyika maabara, magurudumu yakizunguka juu ya mtambo, kwa mwendo wa wastani wa kilomita 24 hivi kwa saa na mwendo wa juu kabisa usiofika 82. Humo hamkuwa na tuta, hamkuwa na mchanga, wala abiria wanne na gunia la mkaa kwenye buti. Kwa foleni ya Kilwa Road, kiyoyozi kikiwaka, mimi naiona 19 kuwa matokeo ya heshima, ingawa bado inaweza kupandishwa.

Kabla ya kuipandisha, hakikisha ni 19 kweli. Dashibodi hukadiria tu, na mara nyingi humpendelea mwenye gari. Jaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe, andika kilomita, tembea hadi utumie zaidi ya nusu ya tanki, kisha urudi sheli ileile ujaze tena kwa pampu ileile. Ukiwa umetembea kilomita 540 na tanki likapokea lita 27, gari lako linakwenda kilomita 20 kwa lita. Rudia mara tatu ndipo uamini, maana mjazo mmoja unaweza kudanganya kwa lita nzima.

Angalia pia urefu wa safari zako. Kila injini inapoanza ikiwa ya baridi, gari la mseto huilazimisha kuunguruma kwa muda ili yenyewe na kisafisha moshi chake vipate joto, hata kama betri imejaa. Anayekwenda sokoni kilomita mbili, akarudi, akapumzika, kisha akampeleka mtoto shule kilomita nyingine mbili, analipia joto hilo mara nyingi kwa siku moja. Safari hizo zikiunganishwa kuwa mzunguko mmoja, injini hupashwa moto mara moja tu.

Mume wangu anasisitiza niondoke polepole mno ili gari litumie umeme pekee, injini isiwake. Walio nyuma yangu Thika Road wananipigia honi. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Kasarani)

Wanaokupigia honi, dada, ingawa sababu yao si hii nitakayoitoa.

Mwulize mumeo umeme huo umetoka wapi. Gari lenu halichomekwi popote, kwa hiyo kila chembe ya umeme iliyomo kwenye betri ilianzia kwenye tanki la petroli. Sehemu moja imezalishwa na injini moja kwa moja, na nyingine imeokolewa wakati wa kufunga breki, kutoka katika mwendo ambao nao petroli iliulipia. Nishati inapogeuzwa kuwa umeme, ikahifadhiwa, kisha ikarudishwa kuwa mwendo, sehemu yake hupotea njiani kama joto. Ukijivuta kwa umeme mpaka betri ishuke, injini italazimika kuwaka baadaye na kuijaza, na utakuwa umelipia hasara ya kwenda na kurudi.

Injini za magari haya zimetengenezwa zifanye kazi vizuri zaidi zikipewa mzigo wa wastani, si mzigo mdogo sana. Njia inayolipa, basi, ni hii: ondoka kwa kanyagio la wastani, mshale wa dashibodi ukiwa ndani ya eneo la ECO lakini karibu na mwisho wake, uifikie haraka kidogo spidi unayoitaka, tuseme 50 au 60. Hapo ondoa mguu kabisa kwa nukta moja, kisha ukanyage tena kwa wepesi. Injini itazima na gari litaendelea kuteleza kwa msaada mdogo wa mota. Katika Aqua na Prius la kizazi cha tatu hilo huwezekana hata ukiwa karibu na kilomita 70 kwa saa. Spidi ikishuka, uiwashe injini tena kwa kanyagio lilelile la wastani. Umeme mtupu uachie kazi zake halisi, yaani kusogea mita kumi kumi kwenye foleni na kuingia maegesho.

Nusu ya pili ya somo hili iko kwenye breki, na ndiyo ninayoona madereva wengi wakiipuuza. Ukifunga breki mapema na taratibu, mota hugeuka jenereta na kurudisha sehemu ya mwendo kwenye betri. Ukifunga ghafla, kazi kubwa hufanywa na pedi na diski, na nishati hiyo inaishia kuwa joto na vumbi jeusi kwenye rimu. Gari likikaribia kusimama, chini ya kilomita 10 hivi kwa saa, breki za kawaida ndizo zinazomalizia hata ukiwa mpole kiasi gani. Kwa hiyo tazama mbali: ukiliona tuta, mzunguko au taa nyekundu mita mia mbili mbele, ondoa mguu hapo hapo. Matuta yetu, ambayo kila dereva huyalaani, ni shule nzuri ya jambo hili, kwa sababu hayahami na utayazoea kwa wiki moja.

Shikamoo mzee. Nasafiri mara kwa mara kati ya Iringa na Morogoro. Nikishuka Kitonga naweka N ili kuokoa mafuta, lakini rafiki yangu anasema niweke B ichaji zaidi. Tufuate lipi? (Msomaji, Iringa)

Marahaba, mwanangu. Msifuate lolote kati ya hayo mawili, na hilo la N uliache leo.

Kuteremka mlima kama ule na gia ikiwa nyutro ni hatari kwa gari lolote, kwani breki zinabaki peke yake na zikipata moto hulegea. Kwa gari la mseto ni hasara pia: likiwa N betri haichaji, hata injini ikiwa inaunguruma. Ndiyo maana anayekaa N kwenye foleni ndefu huku kiyoyozi kikifanya kazi hushangaa betri ikiisha. Ukiwa D na mguu umeondoka kwenye mafuta, injini haiunguzi petroli yoyote mteremkoni, na mota inachaji.

Rafiki yako naye ameielewa B kinyume. Kazi yake ni kuifanya injini isaidie kulizuia gari, na nguvu inayomezwa na injini kwa njia hiyo haiendi kwenye betri. Anza mteremko ukiwa D. Betri ya Aqua, kwa volti zake 144 na ampea-saa 6.5, haifiki hata uniti moja ya umeme wa LUKU, kwa hiyo Kitonga itaijaza kabla hujafika chini. Ikionyesha imejaa, au ukiwa na mzigo mkubwa na breki zinafanya kazi sana, hapo ndipo B inapostahili, kwa usalama na si kwa kuokoa mafuta.

Kwa joto la huku, nifungue madirisha au niwashe kiyoyozi? (Msomaji, Likoni)

Mjini fungua madirisha ukiweza kuvumilia. Ukizidi kilomita 70 au 80 kwa saa, yafunge, maana upepo unaoingia unalizuia gari. Kompresa ya kiyoyozi katika Aqua na Prius huendeshwa kwa umeme, ndiyo sababu ubaridi hauishi injini inapozima, lakini umeme huo nao hulipwa kwa petroli. Gari likikaa juani, fungua milango yote kwa dakika moja kabla ya kuondoka, kisha weka nyuzi 25 au 26 na hewa ya kuzunguka ndani. Usikizime kabisa kwa ubahili, kwa sababu betri kubwa hupozwa kwa hewa ya ndani ya gari, na jibu linalofuata litaeleza kwa nini hilo ni jambo kubwa.

Prius langu lilikuwa linakwenda 20, sasa limeshuka hadi 15. Fundi anasema betri imekufa, ninunue nyingine. (Msomaji, Arusha)

Huenda amesema kweli, lakini usilipe kwa neno tu. Karibu na kiti cha nyuma kuna tundu lenye vijitundu vya wavu ambalo wengi hulifunika kwa mabegi au blanketi la mtoto. Hapo ndipo feni ya betri inapovuta hewa. Vumbi likiganda kwenye mabawa ya feni, betri hupata joto, kompyuta hupunguza kuitumia, na injini hubeba kazi ambayo zamani mota iliifanya. Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa kwenye gereji moja kwamba betri yangu imekwisha. Fundi wa pili alifungua njia ya hewa akatoa tonge la vumbi na nyuzi za kiti linaloenea kiganjani. Feni iliyokuwa ikivuma kama pangaboi bovu ikanyamaza, na kabla mwezi haujaisha ulaji wa mafuta ulikuwa umerudi pale pale. Barabara zenu za vumbi zinataka usafi huo ufanyike walau kila mwaka.

Baada ya feni, kagua mambo mawili ya bei ndogo. Kwanza, ukitoka safari fupi ambayo hukufunga breki sana, sogeza mkono karibu na rimu zote nne bila kuzigusa. Yenye joto kuliko wenzake ina breki inayobana. Pili, uliza oili uliyowekewa mara ya mwisho. Injini hizi hupendekezewa oili nyepesi ya 0W-20, nami nimeona mara nyingi zikijazwa 20W-50 kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Oili nzito inaongeza ugumu wa kuzunguka kila injini inapowashwa, na katika gari la mseto inawashwa mara nyingi sana kwa siku.

Betri iliyochoka kweli ina dalili zake: vipimo vyake kwenye skrini ya dashibodi hupanda na kushuka kwa ghafla, injini huwaka kila mara hata gari likiwa limesimama, na mwisho taa ya tahadhari hujitokeza. Hata hapo, mtake fundi apime volti za kila moduli, yaani kila kipande kinachounda betri, gari likiwa chini ya mzigo na akuonyeshe zilizoshuka. Wewe usiguse nyaya za rangi ya chungwa. Umeme uliomo humo unaua.

Niweke upepo kiasi gani kwenye matairi? Kibandiko cha mlangoni kimeandikwa Kijapani. (Msomaji, Mwanza)

Tafuta namba zenye kPa mbele yake: 220 ni PSI 32, 230 ni 33, na 240 ni 35 hivi. Pima asubuhi matairi yakiwa ya baridi. Ukiongeza PSI mbili juu ya hapo gari litateleza kwa wepesi zaidi, ila kwenye rafu roadi utalijutia, na mimi sipendekezi zaidi ya hizo.

Je, petroli ya bei ya juu yenye oktani kubwa itaongeza kilomita? (Msomaji, Kigoma)

Hapana. Magari haya yametengenezewa petroli ya kawaida.

Nikishuka kutoka Nairobi kwenda Mombasa napata kilomita 23 kwa lita, nikirudi napata 20. Nashuku petroli ya Mombasa imechanganywa. (Msomaji, Syokimau)

Usiisingizie petroli kosa la mlima. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Kulipandisha gari na abiria wake, jumla ya kilo 1,300, hadi kimo hicho kunahitaji nishati ya uniti sita hivi za umeme, na injini nzuri ya petroli italipia kazi hiyo kwa karibu lita mbili. Ukishuka, mlima unakurudishia sehemu ya deni. Kwa safari ya kilomita 480, tofauti kati ya 23 na 20 ni lita tatu, kwa hiyo hesabu yako inaelezeka bila mwizi yeyote.

Ambalo lingenishughulisha zaidi ni spidi yako, ambayo hukuitaja. Mjini gari la mseto hushinda kwa sababu lina breki za kuokoa na vituo vya kuzima injini. Kwenye barabara kuu hakuna vyote viwili, na adui anabaki kuwa hewa. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa spidi, hivyo kutoka 80 hadi 100 unaongezeka kwa asilimia 56. Jaribu safari moja kwa 85 au 90 pale malori yanapokuruhusu, toa fremu ya mizigo iliyo juu ya paa kama huitumii, na kwenye miinuko ya Voi hadi Emali usilazimishe spidi ile ile. Acha ishuke kidogo juu na uirudishe ukiteremka. Na tanki lijaze Mombasa kabla ya kuondoka: lita 36 za Aqua zinakufikisha nyumbani, na kwa bei zinazotangazwa na EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, kila tarehe 14 huko ndiko petroli ilikozoea kuwa nafuu kuliko Nairobi.