Kabla ya kununua miche, tafuta visiki

Kila mvua zikikaribia kuna mtu ananiuliza bei ya miche. Ana kipande cha malisho kilichochakaa huku Shinyanga, anataka vichaka vya asili virudi. Namwambia aache kwanza habari za miche, akatafute visiki.

Nenda mwezi wa kumi, kabla mvua hazijaanza. Vichaka vyetu vingi huchipua mapema, kwa hiyo kisiki ulichodhani kimekufa kitajionyesha chenyewe. Kiwekee alama. Ukija kupogoa, bakiza machipukizi machache yenye afya, ila usikigeuze kichaka kuwa mti wa shina moja. Kivuli cha chini ndicho kinachotunza unyevu na nyasi changa.

Halafu uliza watu. Mimi huanza na akina mama wanaotafuta kuni na waganga wa mitishamba, maana wanajua kilichokuwepo na kilikoishia. Andika majina kwa Kisukuma kama wanavyoyatamka, ya kitaalamu utayatafuta baadaye. Utasikia pia habari za misitu iliyofyekwa enzi za mkoloni ili kufukuza mbung'o, kisha pamba ikaja.

Kwa kusoma, anza na HASHI, mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986. Mwanzoni ulikazania vitalu vya miche, baadaye ukaegemea ngitili, utaratibu wa Wasukuma wa kutenga malisho. Ngitili zilizokuwepo mradi ulipoanza zilikuwa kama hekta 600 tu. Mradi ulipofungwa mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Usiishie kwenye hekta. Soma jinsi sheria ndogo zilivyopitishwa kwenye dagashida, mkutano wa jadi wa Wasukuma, na nani alitoza faini.

Ngitili hufungwa mvua zikianza, hufunguliwa kiangazi kikikolea, tena kipande kwa kipande, ndama na maksai wakitangulia. Eneo lililochoka sana mimi silifungui kabisa mwaka wa kwanza.

Mtundulu, kile kichaka cha miiba, nao uuangalie. Ni wa asili, sawa, lakini palipolishwa kupita kiasi unateka eneo zima. Ukiukata ovyo unachipua upya kwenye mizizi, na ng'ombe wakila maganda yake wanasambaza mbegu kwenye mavi. Punguza kidogokidogo, huku nyasi zikishika nafasi.

Makubaliano na majirani yaandikwe mapema, serikali ya kijiji ikishuhudia. Ukisubiri mwezi wa tisa, mwenye ng'ombe wenye njaa hatakusikiliza.