Asubuhi redio ilisema shwari, usiku ziwa likachafuka

SWALI: Nina mitumbwi mitatu ya dagaa pale mwalo wa Igombe, Ziwa Victoria. Mwezi uliopita, wakati wa giza la mwezi, dagaa wanapofuata taa zetu, redio ilitangaza asubuhi kwamba mawimbi yatakuwa madogo. Vijana wakaingia ziwani jioni. Saa nane usiku upepo ukawapiga, mtumbwi mmoja ukarudi bila taa wala wavu. Watu wote wako salama, namshukuru Mungu. Siku mbili baadaye redio ikatahadharisha upepo mkali, nikawazuia, na usiku ule maji yakatulia kama ya kwenye beseni. Huo utabiri wenu mnaupimaje? Na kwa nini dhoruba zinapenda usiku? (Mwenye mitumbwi, Ilemela)

JIBU: Shikamoo mama, na pole sana kwa hasara. Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalofungua la kwanza.

Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Hewa ya bara inapanda, upepo wa ziwani unaingia kuziba pengo. Ndiyo maana alasiri unaona mawingu yamejijenga upande wa Magu na Kwimba huku juu ya ziwa kweupe. Usiku mambo yanageuka. Bara linapoa, ziwa halipoi: maji ya juu hubaki kwenye nyuzi 24 hadi 27 hivi. Sasa upepo unatoka bara kwenda ziwani, na ziwa letu, lenye kilomita za mraba karibu 68,800, limezungukwa na nchi kavu pande zote. Pepo za Mara, Mwanza, Kagera, Uganda na Kenya zinaelekea katikati, zikikutana hazina pa kwenda ila juu, na zinapanda na mvuke wa maji yale ya uvuguvugu. Hapo ndipo wingu la radi linapozaliwa, kwenye saa zile zile vijana wako wanapovuta wavu. Kisha upepo wa mashariki unalisukuma kuelekea Kagera. Muulize mtu wa Bukoba mvua yao inapenda kunyesha saa ngapi. Atakwambia alfajiri na asubuhi. Mji ule hupata kama milimita 2,000 kwa mwaka, karibu mara mbili ya Mwanza.

Sasa utabiri. Mwaka 2016 mtafiti wa Ubelgiji, Wim Thiery, na wenzake walichapisha uchunguzi wao juu ya dhoruba za ziwa hili. Walipitia picha za satelaiti wakitafuta vilele vya mawingu vilivyopanda mno, ambavyo ni alama ya dhoruba kali, wakaona kwamba ukali wa dhoruba za usiku ziwani unategemea sana dhoruba zilizotangulia mchana juu ya nchi kavu. Kwangu mimi hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote kwenye suala lako. Tangazo ulilosikia asubuhi lilitolewa kabla dalili yenyewe haijajitokeza. Dalili inakuja kati ya saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni. Kwa mvua ya mchana shambani tangazo la asubuhi linafaa. Kwa mtu anayeingia ziwani jua linapozama limeshachacha.

Usiku ule wa pili, uliowazuia bure, usiuhesabu haraka kuwa ni uongo. Wingu la radi linaweza kupiga eneo la kilomita kumi au ishirini, likaacha jirani pakavu kabisa, lakini tahadhari hutolewa kwa eneo pana. Igombe ikatulia, huku kisiwani Goziba watu wanakata kamba za nanga. Hata modeli za kompyuta zinazoligawa eneo katika vyumba vya kilomita 4 hivi, zilizotumika kwenye mradi wa HIGHWAY wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani katika nchi za ziwa hili, haziwezi kukutajia wingu litasimama juu ya mtumbwi gani.

Kuhusu kupima: sisi watabiri tunahesabu dhoruba tulizozitangaza zikatokea, zilizotokea tusizitangaze, na tulizozitangaza zisitokee. Hesabu hizo zinavutana. Nikikutangazia dhoruba kila siku sitakosa hata moja, ila wiki haitaisha utakuwa umeshaizima redio. Mimi binafsi afadhali nikuzuie bure usiku mmoja kuliko kukuruhusu usiku mbaya, ingawa najua usiku wa giza mmoja ukipotea ni pesa, na mbalamwezi haikusubiri.

Kwa hiyo usiamue asubuhi. Tafuta taarifa mpya ya Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni, kabla injini haijawashwa, na uangalie mwenyewe mashariki. Kama mchana kutwa upande wa Bunda na Mara kumejaa mawingu marefu yenye kichwa kilichotanda kama fuawe la mhunzi, na jua likizama bado kunamulika umeme, basi ziwa linaandaliwa. Hasa Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba.

Wakiwa majini, giza la mwezi linawafichia mawingu, na mwanga wa taa zenu wenyewe unawapumbaza macho. Mmoja azipe taa mgongo, atazame upeo. Umeme ukimulika ahesabu sekunde hadi ngurumo isikike. Kila sekunde tatu ni kilomita moja. Hesabu ikiwa thelathini au chini ya hapo, wavu ndani, jaketi okozi zivaliwe, zisikaliwe. Wasisubiri ule upepo wa baridi wa ghafla. Ule ni hewa iliyoporomoka kutoka wingu lenyewe na hutangulia mvua. Ukishaugusa uso, muda wa kugeuza mtumbwi umekwisha.

Ukiweza, niandikie tarehe ya ule usiku wa saa nane na kisiwa walichokuwa karibu nacho. Satelaiti hupiga picha kila dakika 15 na picha hizo huhifadhiwa. Nitatazama alasiri yake ilikuwaje.