Kabla ya kuomba kibali, jueni kwanza ambacho hamtatoa

Nimekaa miaka kadhaa kwenye kazi ya kuombea misaada njia kwa serikali ambazo hazitaki kabisa kutuona, na kilichotuponza zaidi ni kuingia kikaoni bila kujua kitu gani hatutoi. Yani umejiandaa na ramani, idadi ya malori, kila kitu, halafu ofisa anakwambia sawa mtapita ila leteni majina ya watakaopokea na vijiji vyao, na wewe ukifikiria chakula kinaoza bohari unaona basi tu, potelea mbali. Sisi tulitoa. Wiki iliyofuata mashirika mengine yakaombwa hivohivo, wakaambiwa mbona wenzenu wametoa, na watu wakaanza kuogopa kuja kwenye mgao. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo kaeni na wenzenu kwanza, muandike vitu ambavyo hamtoi hata mkinyimwa kibali, kabla hata mtu mmoja hajaenda kuomba miadi. Taliban walipopiga marufuku wanawake kufanya kazi kwenye mashirika ya misaada Afghanistan, Desemba 2022, mashirika kadhaa makubwa yalisimamisha kazi, wakaja kurudi kidogokidogo, afya ikiwa ya kwanza, pale walipohakikishiwa wafanyakazi wao wa kike wataachwa wafanye kazi. Marufuku yenyewe haikuondoka, ila huko kliniki wanawake waliendelea kuhudumia wanawake wenzao.

Halafu sheria msiende nayo kama rungu. Azimio 46/182 la Baraza Kuu la UN, la 1991, linataka msaada uingie kwa ridhaa ya nchi husika, kwa hiyo ofisa anajua fika funguo anazo yeye. Ndio, sheria za vita hazimruhusu kukataa kiholela, lakini ukimtamkia hivo mbele ya vijana wake atakubalije tena? Tafuta mtu ambaye ofisa mwenyewe humsikiliza. Myanmar 2008 baada ya kimbunga Nargis majenerali walibana viza kweli kweli, na njia ilipatikana zaidi pale ASEAN, umoja wa nchi za Kusini Mashariki mwa Asia, yani majirani zao wenyewe, walipokaa katikati yao na UN.

Na mkishapata kibali cha wizarani ombeni nakala iende mkoani mpaka kambi inayoshika ile barabara, maana askari wa kizuizini atasema hajaambiwa, na kweli hajaambiwa. Yule akiomba majina, mpeni idadi tu.