Sentensi niliyoiruka

Nilirudi kutoka semina ya mahojiano ya kuhamasisha, yaani namna ya kuzungumza inayomsaidia mtu ataje mwenyewe sababu zake za kubadilika, nikiwa na cheti na moyo mkunjufu. Tulifundishwa siku 5: kuuliza maswali yanayomwacha mtu aeleze, kumrudishia alichosema kama kauli na siyo swali, kutambua juhudi zake, kukusanya maneno yake mwishoni. Jina lenyewe la Kiswahili linatupotosha kidogo, maana mahojiano kwetu ni ya polisi au ya kuomba kazi, na haya ni kinyume chake kabisa. Nikaingia kliniki ya tiba na matunzo kwa wanaoishi na VVU, ninakofanya kazi ya muuguzi mshauri hapa pwani ya Tanzania, nikaanza na foleni yangu.

Miezi mitano baadaye dada mmoja wa ustawi wa jamii, aliyenitangulia kazini, aliniomba turekodi mazungumzo machache na wateja waliokubali, kisha tusikilizane. Aliyekubali kwangu alikuwa mama wa umri wa mama yangu mzazi. Wingi wa virusi vyake ulikuwa umepita nakala 1,000 kwa mililita ya damu, dalili kwamba huenda dawa hazinywi ipasavyo, kwa hiyo ameitwa kwa vikao vya ufuasi wa dawa, vya kumsaidia azinywe bila kuruka. Tulizungumza dakika 9, na nilipomsindikiza mlangoni niliona kazi imekwenda vizuri.

Tuliposikiliza tukahesabu. Maswali 23. Mara moja tu nilimrudishia alichosema.

Hata hivyo hesabu haikuniuma kama dakika ya nne. Nasikika nikisema, "Mbona mwezi uliopita hukuja, mama?" Anajibu taratibu, "Mwanangu, mie nimechoka kuficha." Na mimi, bila hata kupumua: "Kwa hiyo dawa unakunywa usiku au asubuhi?"

Niliiruka sentensi hiyo kama mtu anavyoruka dimbwi. Chumbani sikuisikia kabisa, niliisikia kwenye simu siku mbili baadaye, nikiwa nimekaa na dada yule na chai imepoa.

Naandika haya kwa wenzangu wa kliniki, wa ustawi wa jamii na wahudumu wa ngazi ya jamii, kwa sababu jambo moja sasa nalishikilia kwa nguvu zote: ustadi huu hututoka huku tukiamini bado tunao. William Miller, aliyeandika kwa mara ya kwanza kuhusu njia hii mwaka 1983 kutokana na kazi yake na watu wenye shida ya pombe, alifanya na wenzake utafiti uliotoka mwaka 2004 kwa wataalamu 140. Walichojisema wenyewe kuhusu ustadi wao hakikulingana na kilichosikika kwenye kanda zao. Waliopata mrejesho au kuelekezwa baada ya mafunzo ndio waliozidi wenzao. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 ukaonyesha kwamba vikao 3 hadi 4 vya namna hiyo ndani ya miezi 6 vinatosha kuushikilia ustadi usiporomoke. Vikao vitatu au vinne! Siyo bajeti ya mradi mpya. Ni muda tunaotumia kusubiri kikao cha Jumatatu kianze.

Sisi tulichagua Jumatano, kliniki ikishatulia. Mganga mfawidhi aliridhia kwanza, na mteja huombwa ridhaa upya kila mara, kwa maneno haya: tunarekodi ili kunisikiliza mimi muuguzi, siyo wewe; jina halitajwi; ikishasikilizwa inafutwa mbele ya watu wawili. Akikataa, huduma ni ileile. Kila mmoja huleta dakika 5 tu. Anayeleta ndiye anayezungumza wa kwanza: nilikuwa natafuta nini, wapi nilimpoteza. Wenzake wanataja sehemu moja aliyomsikia mteja vizuri, kisha wanachagua sentensi moja ya mteja na kila mtu anasema angeirudisha vipi. Basi. Ukitaka kurekebisha makosa kumi kwa siku moja, wiki ijayo mtu haji.

Kuhesabu tunahesabu kweli. Kipimo kinachotumika na wakufunzi wa njia hii kinasema angalau urudishe maneno mara moja kwa kila swali, na ukifikia mara mbili kwa kila swali ni vizuri. Mimi nilihitaji karibu nusu mwaka kufika hapo pa mara moja kwa kila swali.

Ninachotaka kukaa nacho zaidi ni lugha yetu, kwa sababu semina zetu hufundishwa kwa mifano iliyotafsiriwa, na Kiswahili kina mitego yake. Kwanza sauti. "Umechoka na dawa" ni kauli, na "Umechoka na dawa?" ni swali, na hakuna neno hata moja lililobadilika. Ukipandisha sauti mwishoni, mteja anajibu "Ndiyo" na anasubiri swali lingine. Ukiishusha, ukanyamaza, anaendelea mwenyewe. Tulikuwa tunafanya zoezi hili hili kwa dakika nzima, sentensi moja, kupandisha na kushusha, mpaka sikio likaelewa.

Pili, "mbona". Neno hili halina namna ya kulisema likakosa lawama. "Kwa nini" lina nafuu kidogo tu. Tulikubaliana kutumia "ilikuwaje", na watu wanaanza kusimulia badala ya kujitetea.

Tatu, "sawa". Ukimwambia mtu mzima wa huku kwetu, "Umenielewa?", atakujibu "Sawa nesi" hata kama hajakubali neno, maana kukukatalia usoni ni kukuvunjia heshima. Nilikuwa nahesabu "sawa" kama ushindi. Siku hizi nikisikia "sawa" mbili mfululizo najua nimezungumza sana, narudi nyuma: "Nimesema mengi, mama. Wewe unaonaje?"

Na kauli za kutaka kubadilika, ambazo ndizo tunazozisubiri, kwa Kiswahili mara nyingi hazianzi na "nataka". Zimejificha kwenye "natamani", kwenye "ningekuwa na", kwenye "ki" ndogo katikati ya kitenzi. Yule mama alirudi mwezi uliofuata. Nikamwamkia, nikamwambia: "Mwezi uliopita uliniambia umechoka kuficha. Sikukusikiliza vizuri siku ile." Nikanyamaza. Alitazama mikono yake muda mrefu kiasi kwamba nilitaka kuokoa hali kwa swali, nikajizuia. Ndipo aliposema mkwe wake amehamia nyumbani, na dawa alikuwa anazificha ndani ya debe la unga, na sasa anayepika ni mkwe. Kisha akasema, "Nikipata pa kuziweka, mie nakunywa tu." Hiyo "nikipata" ndiyo niliyoishika. Nikairudisha: "Kunywa siyo tatizo. Tatizo ni mahali." Akacheka kidogo, na mpango wa mahali akautoa yeye, kwa shoga yake jirani ambaye tayari alikuwa anajua siri yake. Nisingeweza kumpangia vile.

Nina onyo moja, na nalitoa kwa uchungu. Mahali fulani ninapopajua, kiongozi alizipenda hesabu za namna hii akazigeuza alama na kuzibandika ukutani pamoja na majina. Ndani ya wiki chache hakuna aliyeleta kanda yenye shida, kila mtu alileta mteja wake rahisi, na baadaye hakuna aliyeleta kitu. Kama wewe ni msimamizi, tafadhali, anza wewe kuleta kanda yako mwenyewe, ile ambayo mazungumzo yalikuharibikia, watu waisikie. Na usiwaache nje waelimishaji rika. Kwenye kikundi chetu, waliokuwa wanasikia haraka kuliko sote ni wale wanaoishi na VVU wenyewe, ambao hawakupelekwa semina yoyote.

Mnahamishwa, najua. Muuguzi anaiva, anapelekwa wodi ya wazazi, anakuja mgeni. Sisi mgeni huanza kwa kukaa na kusikiliza Jumatano 2 kabla ya kuleta chake.

Na kwa aliye peke yake zahanati, bila mwenzake wa kukaa naye: mteja akitoka, andika mazungumzo ya dakika 3 jinsi unavyoyakumbuka, alichosema yeye na ulichosema wewe, bila jina wala kitu cha kumtambulisha. Jioni mpigie mwenzako wa zahanati nyingine, msomee. Mimi hufanya hivi kila baada ya wiki mbili na rafiki yangu aliye bara. Nikimaliza kusoma, huniuliza swali lilelile kila mara, "Alisema nini ambacho wewe hukukijibu?", na kila mara nalazimika kurudi kwenye karatasi kutafuta.