Maswali ya Wakulima: Jani Limeanza Kuugua Wapi?

*Barua za mwezi huu zimetoka Arusha na Kilimanjaro, na nyingi zinahusu majani ya nyanya. Karibu kila mwandishi ametaja dawa aliyonunua, lakini wachache wametueleza kama ugonjwa ulianzia majani ya chini au ya juu. Tunaanza na hilo.*

Nyanya zangu zina wiki saba tangu nizipandikize. Majani ya chini yana mabaka ya kahawia. Muuza duka alinipa mankozebu, nimepiga mara tatu na mabaka bado yanapanda juu. Niongeze kipimo? – Msomaji, Ngarenanyuki

Usiongeze. Kwa mankozebu ya asilimia 80, vifungashio vingi vinasema gramu 40 hadi 50 kwa bomba la lita 20, na kuzidisha hakuifanyi itibu. Kazi yake ni kukaa juu ya jani na kuzuia mbegu za ukungu zisiote. Doa lililokwisha kuingia ndani haligusi.

Kwanza ujue unapambana na nini. Chuma majani matatu yenye mabaka asubuhi na mapema kabla umande haujakauka, kisha uyainue moja moja mbele ya jua.

Ukiona mabaka yenye duara ndani ya duara na rangi ya njano pembeni, na majani yaliyozeeka ndiyo yaliyoanza, hiyo ni bakajani mapema. Huenda taratibu, na hupenda mmea wenye njaa ya naitrojeni au uliochoka kwa kubeba matunda.

Ukiona mabaka makubwa ya kijani kilichoiva kama yamemwagiwa maji ya moto, yasiyo na duara, na ukigeuza jani unakuta ukungu mweupe kwenye ukingo wa doa, hiyo ni bakajani chelewa. Hii haisubiri. Kukiwa na ukungu wa angani wa Juni na Julai, au mvua za masika zisizokatika, shamba zima linaweza kuungua ndani ya wiki moja, na shina nalo huweka michirizi myeusi.

Kuna uwezekano wa tatu, na kwa barua yako ndio tunaoushuku zaidi. Ukiinua jani juani ukaona doa linapitisha mwanga kama karatasi ya nailoni, na ndani yake kuna vinyesi vyeusi au kiwavi mdogo, huyo ni kantangaze. Mdudu huyu yuko nchini tangu 2014 na alianza kuonekana huku huku kaskazini. Mankozebu ni dawa ya ukungu, kiwavi haimfanyi kitu hata ukipiga kila siku.

Kama ni bakajani mapema: ondoa majani yote yanayogusa udongo, funga mimea kwenye vijiti, weka kisoda kimoja cha mbolea ya naitrojeni ya CAN (kama gramu 5) kwa kila shina, sentimita 10 hadi 15 kutoka shinani, kisha mwagilia. Mankozebu uendelee nayo kila baada ya siku 7 hadi 10, na bomba lielekee chini ya majani.

Kama ni chelewa: tumia dawa yenye metalaksili iliyochanganywa na mankozebu, kwa kipimo cha kibandiko. Usiipige zaidi ya mara mbili mfululizo, maana vimelea huizoea upesi. Rudi kwenye mankozebu au dawa ya kopa (shaba). Mimea iliyooza shina ing'oe, uifukie nje ya shamba.

Kama ni kantangaze: chuma majani yenye mahandaki na matunda yaliyotobolewa, uyafukie kina cha nusu mita. Weka mitego ya feromoni (harufu inayowavuta madume), na upige jioni dawa yenye emamektini benzoeti. Awamu inayofuata ubadili kundi la dawa, kwa mfano klorantraniliproli. Kubadili jina la kibiashara huku kiini (kemikali inayofanya kazi) ni kilekile si kubadili dawa, kwa hiyo soma maandishi madogo ya kiini kwenye chupa.

Na siku za kusubiri kabla ya kuvuna ziheshimiwe. Nyanya hizo zinakwenda kuliwa na watoto wa watu.

Shikamooni wataalamu. Nyanya zangu huku Kahe zimegeuka njano majani ya juu, mishipa tu ndiyo imebaki kijani. Nimeweka Urea mara mbili, hali ni ileile. – Kijana wa Kahe

Marahaba. Urea huleta naitrojeni, na ingesaidia kama njano ingeanzia chini. Naitrojeni inaweza kuhama ndani ya mmea: ikipungua, mmea huinyang'anya majani ya zamani na kuyapa machanga, ndiyo maana ya chini hupauka kwanza, jani zima pamoja na mishipa. Chuma (madini) hakihami. Kikikosekana, majani mapya ndiyo yanayoumia, kama ulivyoeleza.

Na mara nyingi chuma kimo udongoni. Tambarare za Moshi zina maeneo yenye magadi, na udongo wenye pH ya juu (usio na uchachu) hukifunga chuma mizizi isikipate. Jaribio la kuanzia nyumbani: chukua kijiko cha udongo mkavu, umwagie siki. Ukitoa povu, una chokaa nyingi. Usipotoa, bado huwezi kusema uko salama, kapime.

Kwa msimu huu, nyunyizia mbolea ya majani yenye chuma kilichofungwa kwa kiambata, jioni, na urudie kila baada ya siku 10 hadi majani mapya yatoke kijani. Yaliyokwisha kupauka yasikukatishe tamaa, tazama yanayochipua. Ukitaka kuweka udongoni, dai chenye kiambata cha EDDHA kwenye kibandiko. Kile cha EDTA huharibika haraka kwenye pH inayozidi 7. Acha kabisa majivu na chokaa. Naitrojeni ya kukuzia ichukue kwenye mbolea ya SA, ambayo huishusha pH ya udongo kidogo kidogo, na ongeza samadi iliyoiva. Chunguza pia kama maji yanatuama, kwani mizizi iliyolowa kupita kiasi huonyesha dalili hizihizi.

Sampuli ya kupima ichukuliwe hivi: tembea shamba kwa zigizaga, chimba sehemu 10 hadi 15 kwa kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, anika kivulini, kisha peleka nusu kilo. Ndoo ya bati tuiache, zinki yake huharibu majibu. Usichukue pia mahali ulipomwaga mbolea au palipolala ng'ombe. Kituo cha TARI (Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania) Selian, Arusha, ni mahali pazuri pa kuanzia kuuliza.

Matunda yanaoza kitako, duara jeusi kavu. Jirani anasema ni fangasi. – Mama wa Usa River

Si fangasi, mama. Tunda limekosa kalisiamu, na sababu kubwa ni maji yasiyo na mpangilio: siku nne kavu, ya tano mafuriko. Kalisiamu husafiri na maji tu. Mwagilia kidogo na mara kwa mara, tandaza nyasi kavu shinani, punguza Urea. Mbolea ya kukuzia matunda iwe naitreti ya kalisiamu. Yaliyooza yachume, hayaponi.

Mmea unanyauka mchana majani yakiwa bado kijani, baada ya siku tatu umekufa. Nipige nini? – Msomaji, Tengeru

Usinunue kitu kwanza. Kata kipande cha shina karibu na udongo, kirefu kama kidole, ukining'inize kwenye glasi ya maji safi bila kukitikisa. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, ni mnyauko bakteria. Hauna dawa. Zisiposhuka, na majani ya chini yalianza kuwa njano upande mmoja, pasua shina: michirizi ya kahawia ndani huelekeza kwenye mnyauko fuzari.

Kwa bakteria, ng'oa mmea pamoja na mizizi na udongo wake, na usiuburute kwenye mfereji, maana maji ndiyo yanayoupeleka kwa jirani. Hapo panda mahindi kwa miaka mitatu au zaidi. Viazi mviringo, biringanya, ngogwe na pilipili visiguse eneo hilo, ni ukoo mmoja na nyanya.

Kahawa yangu ina unga wa rangi ya chungwa chini ya majani, kisha majani yanapukutika. Je, ni chulebuni? – Msomaji, Kibosho

Hapana, chulebuni hushambulia buni changa, huweka madoa meusi yaliyobonyea. Wako ni kutu ya majani. Dawa ya kopa hufanya kazi kama kinga, kwa hiyo awamu ya kwanza ipigwe kabla mvua za masika hazijachanganya, na mvua zikiendelea urudie kwa ratiba ya kibandiko. Pogoa ubaki na mashina mawili au matatu kwa mti na punguza migomba inayobana hewa. Kama mibuni yako ni aina ya N39 ya wazee na imechoka, ulizia miche ya chotara ya TaCRI (Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania) pale Lyamungu: inastahimili kutu na chulebuni pia, na gharama ya kopa kila mwaka itapungua sana.